Mtoto wa Chumba cha Pili

Ndugu zangu, leo nawaletea habari za bwana mmoja aliyekwenda mbali kutafuta utulivu, akaupata, na nusura umtie kwenye majuto ya maisha yake yote.

Bwana huyu alikuwa mwalimu katika chuo cha matabibu. Miaka ishirini na sita alifundisha vijana kutibu, na mingi kati ya hiyo aliipitisha kwenye wodi ya watoto. Mwaka huo alichoka, akachoka kweli. Mkewe akamwambia, "Baba, chukua likizo kabla likizo haijakuchukua wewe." Basi akaamua kwenda kuona maporomoko ya maji aliyoyatamani tangu ujana, huko juu milimani, mwisho wa barabara. Siku mbili kwenye basi, halafu nusu siku juu ya lori la viazi.

Gesti huko ilikuwa moja tu. Vyumba sita, paa la mabati, na kuta za ndani ni mbao ambazo hazikufika juu. Jirani akikohoa, wewe ndiye unayesema pole. Mwenye gesti, mama wa makamo aliyeitwa Mama Tumpe, alimpokea vizuri.

"Karibu, mwalimu. Maji ya moto yapo kwenye ndoo jioni. Choo ni kile kule nyuma. Ukitaka chai sema mapema, kuni zimelowa."

Alijuaje kuwa ni mwalimu? Kwa sababu kwenye daftari la wageni, penye kazi, bwana yule aliandika "mwalimu". Hakusema uongo. Lakini alijua kwamba mahali kama pale, ukiandika "tabibu", hutakula chakula kikiwa cha moto. Na yeye alikuja kupumzika. Je, ni dhambi mtu kupumzika? Hapana. Hata Bwana wetu alilala kwenye mashua.

Kesho yake mvua ilinyesha tangu alfajiri. Njia ya kwenda kwenye maporomoko ikawa utelezi mtupu, na kijana wa kumwongoza akasema wangoje. Mwalimu akarudi chumbani, akafungua kitabu, akajifunika blanketi miguuni. Hapo ndipo mtoto wa chumba cha pili alipoanza kulia.

Alilia saa tatu asubuhi. Alilia saa nne. Saa tano mwalimu akagonga ubao, ngo ngo ngo. Akasikia mama wa mtoto akibembeleza kwa sauti ya chini, na mtoto akaendelea. Saa saba mwalimu akaenda jikoni.

"Mama Tumpe, mimi nimekuja kupumzika. Huna chumba kingine?"

"Vingine vyote vinavuja, mwalimu wangu. Isipokuwa hicho chako na hicho chao. Yule binti anasubiri lori limpeleke mjini, lilikuwa lije jana, ila daraja limeleta shida. Mtoto si mzima sana."

"Basi mwambie ajitahidi kumtuliza."

"Nitamwambia."

Mnaona alichofanya hapo? Ameambiwa mtoto si mzima sana, na sote tunajua maana ya maneno hayo. Hakuuliza ana nini. Mtu aliyeuliza swali hilo maelfu ya mara, siku hiyo limemkwama. Kwa nini? Kwa sababu alijua akiuliza atajibiwa, na akijibiwa likizo imekwisha.

Akarudi kitandani. Kupitia mbao zile akamsikia Mama Tumpe akisema, "Mwanangu, mgeni ametoka mbali, anataka kupumzika. Hebu mnyonyeshe." Akamsikia binti akijibu, "Hataki kunyonya, mama. Tangu jana."

Alisikia? Alisikia. Akageuza ukurasa.

Ilipofika saa tisa, kilio kikashuka kidogo kidogo, kikawa mguno, kisha kikakoma. Mwalimu akashusha pumzi. Akasema, "Ahsante, Mungu." Naam, alishukuru, tena kwa moyo. Akasoma kurasa nne, tano, sita. Mvua nayo ilikuwa imepungua. Kulikuwa na raha kidogo pale ndani.

Kwenye ukurasa wa saba akaisikia sauti, na sauti ile ilikuwa yake mwenyewe. Yalikuwa maneno anayowaambia wanafunzi wake kila mwaka, siku ya kwanza wanapoingia wodini: "Msimkimbilie anayelia. Anayelia ana nguvu, anaweza kukungoja. Mtafuteni aliyenyamaza."

Akajitetea. Mtoto amelala, ndugu, watoto si hulala? Lakini kwa mbao zile, hata mtu akilala unamsikia akipumua. Mwalimu akazuia pumzi yake ili asikilize. Hakusikia kitu.

Akatoka, akagonga mlango wa chumba cha pili, akaufungua. Kitanda kimetandikwa vizuri. Hakuna mtu.

"Wamekwenda wapi?"

Mama Tumpe alikuwa anachambua maharage. "Yule binti? Ameondoka sasa hivi, kwa kunyata. Ameona aibu kukusumbua. Kasema ataanza kwa miguu mpaka darajani, huenda lori limekwama ng'ambo."

"Na mtoto?"

"Kalala, mwalimu. Katulia kabisa. Hata mimi nimefurahi."

Mwalimu akasimama pale kama aliyepigwa kofi. Halafu akasema, "Nipe sukari."

"Ya chai?"

"Nipe sukari, mama! Na maji safi!"

Mama Tumpe akampa kopo zima na chupa ya maji. Mwalimu akakimbia hivyohivyo, na ndala za gesti miguuni. Ndala moja ikabaki kwenye tope, akaiacha. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na nne, na tangu ujana hakuwahi kukimbia vile. Akamkuta binti mbele, amejikinga mvua kwenye banda la kukaushia maua ya pareto, mtoto yuko mgongoni, khanga imemfunika kichwa.

"Mshushe," mwalimu akasema huku akihema.

Binti akamtambua, akaogopa. "Baba, si amelala? Hasumbui tena."

"Mshushe, mwanangu. Mimi ni tabibu."

Binti alimtazama tu, na macho yale mwalimu anayo mpaka leo. Kisha akafungua khanga. Shingo ya mtoto ilikuwa imelegea. Macho nusu wazi, kichwa moto kama jiko, miguu baridi. Mwalimu akapiga magoti kwenye vumbi la pareto, akalowesha sukari kidogo kwa maji, akaiweka chini ya ulimi wa mtoto kwa kidole, maana mwili usiopata chakula tangu jana huishiwa sukari. Akangoja. Akaweka tena. Na huku akiuliza yale aliyopaswa kuuliza tangu asubuhi: homa ilianza lini, amekojoa lini, ameshtuka kwa degedege mara ngapi. Binti akajibu kila swali, sawasawa, bila kukosea. Alikuwa na majibu yote, ndugu zangu. Alikuwa nayo tangu asubuhi, upande wa pili wa ubao.

Ikapita robo saa. Mtoto akakunja uso. Akatikisa mkono. Kisha akafungua kinywa, akalia, kilio kikavu, cha kukwaruza.

Na yule mama alifanya nini? Mnadhani alipiga vigelegele? Alichukua pindo la khanga haraka, akamziba mtoto mdomo, akasema, "Nisamehe, baba. Atanyamaza sasa hivi. Nisamehe."

Mwalimu akaushika ule mkono, akauondoa mdomoni mwa mtoto taratibu, na yeye mwenyewe akalia kwa sauti.

Walishuka pamoja hadi darajani, wakavushwa, na lori kweli lilikuwa ng'ambo. Akaenda nao mpaka hospitali. Maporomoko hakuyaona. Mtoto alipona, ila mguu wake mmoja huuburuta kidogo mpaka leo. Je, ni kwa sababu ya zile saa zilizopotea, au ungekuwa hivyo hata angewahi? Madaktari wa pale hawakumwambia. Wala mwalimu hakuwauliza.

Sasa ndugu zangu, msimrukie mwalimu. Mimi nilipolitafakari jambo hili nilianza kumhukumu, nikajikuta nimejihukumu mwenyewe.

Maana sisi hatuui watu. Sisi tunagonga ubao tu. Tunasema, "Jamani, tumechoka." Na mwenye shida, kwa kuwa ana adabu, anatusikia, anaziba mdomo wake. Kisha tunaita hali hiyo amani, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Baba uliyekaa hapo, juzi uliniambia, "Mchungaji, siku hizi nyumbani ni raha, mke wangu halalamiki tena." Nilicheka na wewe. Leo nakuomba msamaha kwa kicheko kile. Nenda ukamwangalie. Kijana aliyekuwa anabishana na kila mtu hapa kanisani, mwezi wa tatu huu hatumsikii, nasi tumesema, "Afadhali, ametulia." Ametulia, au amelegea shingo? Nani amekwenda kwake? Yule mjane aliyelia kwenye vikao vyetu kuhusu kiwanja chake, miaka miwili, mpaka tukamwambia, "Mama, hilo tumeshalisikia." Sasa hasemi. Mnadhani kiwanja kimerudi?

Na wewe uliyeziba mdomo wako mwenyewe, umekaa hapo umevaa vizuri, unaogopa kutusumbua: lia. Tusumbue. Usiondoke kwa miguu kwenye mvua ukadhani unatufanyia hisani.

Nilikuwa na mengi ya kusema, nayaacha. Mzee wa zamu mlangoni, hebu fungua. Kuna akina mama watatu kule nje, wamejibanza kwenye baraza la ofisi. Tumewatoa sisi wenyewe, kwa sababu watoto wao walilia wakati wa somo la kwanza, nami nilipowaona wanatoka nilifurahi.

Waambie waingie na watoto wao. Tutaimba hivyohivyo.