Salamu ya Mizinga Mitupu

Wametusimulia masheikh zetu, nao wamepokea kwa waliowatangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, kwamba zamani katika bonde moja la nchi ya Yemeni alikuwako mfugaji nyuki mchamungu aitwaye Dhaifullahi. Msilisikie jina hili mkadhani ni la mtu dhaifu. Kwa Waarabu maana yake ni mgeni wa Mwenyezi Mungu, na mwenye jina alikuwa na kifua cha kubeba mizinga miwili kwa mara moja.

Nyumba yake ilikuwa chini ya mikunazi. Nyuma ya jiko, ukutani, ilipangwa mizinga yake ya udongo, mirefu kama magogo, safu juu ya safu. Na alikuwa na desturi iliyowachekesha majirani. Kila siku akirudi kuswali alfajiri hakuingia ndani kustaftahi mpaka apite kwenye mizinga yake. Husimama mbele ya kila mmoja akasema kwa sauti, "Assalaamu alaykum!" Kisha hutega sikio kusikiliza mvumo wa ndani. Akiulizwa, hujibu, "Hawa ni watu wa nyumba, nami nimekuja kuwaomba asali. Mtu haombi kabla hajasalimu."

Ukaja ukame. Mvua ikakosa mwaka ule, ikakosa na mwaka uliofuata, mikunazi ikasimama bila ua. Nyuki wakapungua, mzinga mmoja baada ya mwingine ukanyamaza, na waliosalia wakahama wakaacha masega makavu. Siku mzinga wa mwisho uliponyamaza, Dhaifullahi alikaa chini mbele yake akalia, wala hakuona haya. Subira, ndugu zangu, si kutolia. Mwenye kusubiri naye ana macho.

Asubuhi ya pili mkewe, Bibi Umaima, alikuwa jikoni akikanda unga. Akamsikia mumewe yuko tena nyuma ya ukuta. Safari hii hakusema Assalaamu alaykum. Alisema, "Assalaamu alaynaa wa alaa ibaadillahi ssalihina," yaani amani iwe juu yetu na juu ya waja wema wa Mwenyezi Mungu. Kisha ikasikika sauti ya kifagio. Bibi Umaima akachungulia. Mumewe alikuwa anafagia ndani ya mzinga mtupu, anatoa utando wa buibui, anapaka nta kidogo, anasugulia majani ya rihani mlangoni. Akimaliza mmoja anahamia wa pili, na salamu ni ile ile.

"Baba Lubaba," akamwita, "unamsalimia nani? Wenyewe wamehama."

"Ndiyo maana nimebadili salamu. Hatukufundishwa kwamba ukiingia nyumba isiyo na mtu husemi alaykum, unasema alaynaa? Nyumba tupu nayo ina salamu yake."

"Salamu nimeielewa. Na huku kufagia?"

"Mgeni akija akakuta nyumba chafu, atalala?"

"Nani amekwambia kwamba kuna mgeni yuko njiani?"

"Hakuna aliyeniambia," akasema Dhaifullahi, akitema utando uliomwingia kinywani. "Lakini hakuna pia aliyeniambia kwamba hayuko."

Bibi Umaima akarudi kwenye unga wake akicheka, maana alikuwa mwepesi wa kucheka. Lakini kicheko hakikufika mbali. Alikuwa na lake moyoni, nalo lilikuwa harusi ya binti yao.

Binti huyo, Lubaba, ndiye mtoto wao wa pekee, na alikuwa ameposwa na kijana mwenye tabia njema aitwaye Iyadi. Kila mmoja alikuwa radhi na mwenzake, na kwa kweli zaidi ya radhi. Sasa katika bonde lile ilikuwako ada: siku ya harusi baba wa bibi harusi humlambisha mkwewe asali kwa kidole chake, na asali yenyewe iwe ya mizinga yake mwenyewe. Kabla ya hapo bibi harusi hatoki. Si sharti la sheria, msije mkanidai dalili. Ni ada tu, lakini ada ya mji ina meno. Nyumba iliyoivunja ilisemwa mpaka kwa wajukuu. Basi ukame ulipoondoka na nyuki, uliondoka na harusi pia, na Iyadi akabaki anangoja.

Iyadi alikuwa yatima, amelelewa na ami yake, Sheikh Kutaiba, tajiri wa bonde la juu. Huyo alikuwa na kisima kisichokauka, bustani yake ilipata ua hata katika ukame, na baadhi ya nyuki wake walinusurika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka tu, na mtu wa haraka hufanana sana na mtu mbaya, hasa ukiwa wewe ndiye unayengojwa.

Hatimaye mvua ilinyesha. Mikunazi ikaanza kutoa machipukizi, na Sheikh Kutaiba akaja nyumbani kwa Dhaifullahi na fimbo yake.

"Ndugu yangu," akasema, hata hajakaa vizuri, "kijana amengoja, nami umri umekwenda, nataka nimwone ametulia kabla sijafa. Mikunazi hii ikimaliza kuchanua na nyumba hii haina asali, tutasema haikuandikwa. Nitamtafutia mke kwingine."

Lubaba aliyasikia hayo akiwa nyuma ya pazia. Siku iliyofuata baba yake alipotoka kwenda kwenye mizinga, alimkuta binti amekwisha kufika, kifagio mkononi.

Habari zikamfikia dada yake Bibi Umaima aliyekaa mji wa pili, akaleta mtungi wa asali safi. Bibi Umaima akauweka mbele ya mumewe, akasema kwa sauti ya chini, "Mimina kidogo kwenye bakuli tuiweke. Asali haisemi imetoka wapi."

"Asali haisemi, lakini nikimtia Iyadi kidole kinywani, mimi nitakuwa nimesema. Nitakuwa nimemwambia: hii ni yangu. Mama Lubaba, tumwanzishie mtoto ndoa kwa uongo, hata ukiwa mtamu?"

Bibi Umaima akautazama mtungi, akamtazama mumewe, akashusha pumzi. "Basi leta mkate," akasema. Wakaila kwa mkate, wote watatu, wakasema Alhamdulillahi. Inasemekana ilikuwa tamu sana.

Mikunazi ikachanua bonde zima. Siku zikapita, ua likaanza kudondoka kwenye matawi ya chini, na kila asubuhi Bibi Umaima akikanda unga aliisikia salamu ile ya nyumba tupu, mzinga baada ya mzinga, mpaka masikio yake yakaizoea na asiisikie tena.

Asubuhi moja akaisikia kwa sababu ilikatika. Dhaifullahi alianza, "Assalaamu alay..." kisha kimya. Mkono wa Bibi Umaima ukasimama ndani ya unga. Ndipo sauti ya mumewe ikapaa, "...kum! Assalaamu alaykum! Assalaamu alaykum, karibuni! Karibuni sana!"

"Lubaba!" akapiga kelele Bibi Umaima. "Lubaba, toka mwanangu, baba yako amesema alaykum!"

Wakatoka mbio, mama na unga hadi viwikoni. Wakabandika masikio kwenye udongo, na ndani mlikuwa na mvumo mzito wa kundi zima la nyuki. Dhaifullahi akasujudu pale pale vumbini sijda ya shukrani. Bibi Umaima akapiga vigelegele, akambusu binti yake, akampaka unga shavuni.

Lubaba ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha kucheka.

"Baba," akasema. "Jana jioni niliona wingu la nyuki juu ya ukuta wa Sheikh Kutaiba. Sikujua linakwenda wapi."

Katika nyumba ile hakuna aliyekuwa na cha kupoteza kama yeye, na ndiye aliyesema. Bibi Umaima akamtazama kama anayetamani kumziba mdomo na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Baba yake alimbusu kipaji cha uso, akafuta vumbi kanzu yake, akaulizia viatu.

"Baba Lubaba," mkewe akasema, "unakwenda kumwambia mtu aliyechoka kungoja harusi hii kwamba asali ya harusi yenyewe ni ya nyuki wake yeye?"

"Nakwenda kumwambia nyuki wake wako wapi. Ya harusi yana Mwenyewe anayeyajua."

Sheikh Kutaiba alishukuru kwa maneno machache, akaja na kapu na moshi, akawafukiza nyuki, akaondoka nao. Mvumo ukaisha. Siku ile Bibi Umaima hakucheka. Dhaifullahi alikaa kitako mbele ya mzinga kwa muda mrefu, kisha akainuka, akaufagia upya, akapaka nta, akasugua rihani, akausalimia kwa salamu ya nyumba tupu.

Kesho yake nyuki wakarudi. Jua lilikuwa limepanda kidogo tu, wakaja wingu zima juu ya mikunazi, wakaingia katika mzinga ule ule bila hata kuuzunguka. Dhaifullahi akavaa viatu tena.

Sheikh Kutaiba akaja mara ya pili, na safari hii alikuja amekunja uso. "Umewapaka dawa gani?" akauliza. "Kwangu kuna ua, kuna maji, kuna kivuli. Wanafuata nini huku?"

"Tazama mwenyewe, sheikh wangu."

Mzee akainama kwenye mzinga mtupu uliokuwa jirani, akachungulia. Hakuona buibui, wala nondo, wala vumbi. Akaingiza mkono, akautoa, akaunusa ukanuka nta na rihani. Akachungulia wa pili, na wa tatu, yote mitupu, yote imefagiwa.

"Hii ina nani?" akauliza.

"Haina mtu."

"Na unaifagia?"

"Kila siku. Na kuisalimia."

Sheikh Kutaiba akajiegemeza kwenye fimbo yake. Aliikumbuka mizinga yake, ambayo aliwaachia vibarua, wala hakukumbuka lini aliitia mkono wake mwenyewe. Jana alikuwa amewatia nyuki hawa katika mzinga wenye utando mlangoni. Akaanza kucheka, kwanza kidogo kidogo, kisha mabega yakamtikisika, na machozi yakamtoka ndani ya kicheko kile kile.

"Mimi ninao nyuki, nao wananikimbia," akasema. "Wewe huna, nao wanakukimbilia. Na mara mbili umekuja mlangoni kwangu kunirudishia, na mwenye shida ni wewe! Dhaifullahi, nyuki hawa nimekupa kwa moyo mmoja. Ni wako, halali yako, na Mwenyezi Mungu ni shahidi wangu."

Lubaba alikuwa nyuma ya pazia tena. Safari hii pazia lilitikisika sana, na wote wakajifanya hawakuona.

Ua la mwisho lilikuwa bado kwenye matawi ya juu. Nyuki wakafanya kazi, na Dhaifullahi aliporina alipata sega moja dogo, halizidi kiganja. Siku ya harusi watu walijaa, na lilipoletwa sega lile kwenye sahani kubwa, mgeni mmoja akanong'ona kwamba kwa kweli asali ni haba. Sheikh Kutaiba alimsikia.

"Ada imesema kidole!" akanguruma. "Haikusema mtungi. Mlambishe, Dhaifullahi, kijana asije akatuzeekea hapa!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Dhaifullahi akachovya kidole, akamlambisha mkwewe, na kwa haraka ya furaha asali ikamdondokea Iyadi kwenye ndevu. Lubaba akatoka kwa vigelegele, na katika zawadi alizopewa na baba yake mlikuwa na mzinga mmoja mtupu, umefagiwa, unanukia rihani.

Asubuhi iliyofuata Dhaifullahi alirudi kutoka msikitini taratibu, maana nyumba isiyo na binti yake ilimtia uzito. Upepo ulikuwa ukishuka kutoka bonde la juu, na humo alisikia sauti ya mzee ikiitolea mizinga salamu kwa ukali kama anayewakaripia vibarua. Akatabasamu. Alipozunguka ukuta wa jiko alimkuta Bibi Umaima amemtangulia, kifagio mkononi. Hakuwa mbele ya mzinga wenye nyuki. Alikuwa ameanza na mitupu, anatoa salamu yake neno kwa neno.

"Mama Lubaba," akamwuliza, "unamsalimia nani?"

"Mgeni," akasema, bila kugeuka. "Hakuna aliyeniambia kwamba hayuko njiani."

Basi, ndugu zangu katika imani, kila mmoja wetu ana mzinga wake ulionyamaza: afya, kazi, mtoto, mpendwa aliyeondoka. Ulie ukitaka kulia, kisha inuka uufagie. Nyumba yenye watu ina salamu yake, na nyumba tupu ina salamu yake, na Mola wetu kwa rehema zake ametufundisha zote mbili.