Jinsi Pimbi Alivyoshiba Mara Mbili

Nina ngano mkononi, niifumbue?
Ifumbue tuione.
Ina meno, niifumbue?
Ifumbue, tumeshajikunyata.
Ni ya wanyama, lakini ina haya kama ya watu. Niifumbue?
Ifumbue, hatuli hatulali.

Haya, kaeni sawasawa, na anayetafuna ameze kwanza.

Zamani hizo Ngiri na Pimbi walikuwa majirani. Ngiri alikaa chini, kwenye shimo lake. Pimbi alikaa juu, kwenye mawe yake. Ngiri mnamjua: kichwa kikubwa, meno yamepinda mpaka nje ya mdomo, na mkia ambao akifurahi husimama wenyewe, twii. Akila hupiga magoti. Chakula kiwe chake, kiwe cha mwenzake, yeye hupiga magoti na kula mpaka pale chini panang'aa. Pimbi naye ni mdogo, hana mkia, hana pembe, hana kitu cha kumtishia mtu. Ana maneno tu.

Basi Jumamosi moja asubuhi, na msiniulize kama wanyama walikuwa na Jumamosi, Ngiri alikwenda chini ya mawe ya Pimbi.

"Hodi, jirani."

"Karibu, jirani."

"Nasikia nyuma ya vilima hivi kuna bahari."

"Ipo."

"Mimi sijaiona hata siku moja. Wewe njia unaijua. Twende tukaione, tulale huko huko nje, kesho turudi. Mke wangu amechemsha viazi vitamu."

"Wangu amechoma mihogo."

"Basi kikapu nitabeba mimi. Wewe mdogo, utaumia mgongo."

Pimbi akashukuru. Viazi vikaingia kikapuni, mihogo ikaingia, na karanga zikamwagwa juu yake. Kikapu kikapanda mgongoni kwa Ngiri. Pimbi akajitwisha jamvi la kulalia. Wakaondoka, Pimbi mbele, tiki tiki tiki, Ngiri nyuma, du du du.

Kilima cha kwanza, Ngiri akasema, "Jirani, tangulia. Nimechomwa na mwiba."

Pimbi akatangulia, tiki tiki tiki. Nyuma ya kichaka akasikia: kwachu kwachu kwachu. Akageuka. Kichwa cha Ngiri hakionekani, magoti hayaonekani, lakini mkia umesimama juu ya kichaka, twii.

Kilima cha pili, Ngiri akasema, "Jirani, tangulia. Kamba ya kikapu imelegea."

Pimbi akatangulia, tiki tiki tiki. Nyuma ya jiwe: kwachu kwachu kwachu. Mkia, twii.

Kilima cha tatu, Ngiri akasema, "Jirani, tangulia. Nataka kuvuta pumzi."

Mnajua alichovuta. Kwachu kwachu kwachu, na mkia, twii.

Sasa Pimbi aseme nini? Ukimwambia Ngiri kwamba ni mlafi, ataona aibu, na Ngiri akiona aibu hutikisa kichwa, na kichwa kile kikitikiswa meno nayo yanakuja. Akinyamaza, kikapu kitaisha. Na upande ule wa vilima ulikuwa mawe na chumvi, hapaoti jani la kuuma. Kuvuka vilima vyote vile kesho kwa tumbo tupu, na miguu mifupi vile, ni kubaki njiani. Pimbi alimwona mkewe anamsubiri jioni ya kesho, anachungulia njia, na hakuna anayetokea.

Wakafika kileleni. Bahari ikatokea yote kwa mara moja, shwaaa. Ngiri alisahau hata kutafuna.

"Nani ameyamwaga yote haya?"

"Yalikuwepo tu, jirani."

"Na yananyweka?"

"Hayanyweki. Yana chumvi."

Ngiri akasikitika kwa moyo wake wote. "Hasara gani hii."

Wakateremka. Kulikuwa na kijiwanja cha mchanga kati ya majabali, hapana nyumba, hapana alama ya mguu. Wakatandika jamvi, wakalizungushia mawe upepo usilipeperushe. Jua lilikuwa bado lipo. Pimbi akakitazama kikapu. Ngiri akakivuta karibu yake.

"Chakula tutakula baadaye," alisema. "Wewe umetembea sana. Lala kidogo."

Pimbi akaelewa. Akajinyoosha, akapiga miayo, kisha akasema kama mtu aliyekumbuka jambo dogo.

"Jirani, pwani hii usiione hivi. Ina wenyewe."

"Wako wapi?"

"Wanapita nyuma ya majabali. Ni watu wenye haya, hawapendi kutazamwa. Wakikukuta unakula, sema karibu. Ukiombwa, weka juu ya jiwe na ugeuze uso."

"Nisipokaribisha?"

"Watakuimba. Wakimwimba mtu hapa, wimbo unavuka vilima kabla yake. Atafika kisimani kwao awakute watu wanauimba."

Ngiri akacheka kidogo, cheko la mtu asiyefurahi. Pimbi akafumba macho, akakoroma. Mara Ngiri huyo, na kikapu chake, nyuma ya jabali kubwa. Mara Pimbi naye huyo, upande wa pili wa jabali lile lile, tiki tiki tiki.

Ngiri akapiga magoti. Kwachu kwachu kwachu.

Sauti nzito ya mzee ikatoka nyuma ya jabali: "Tunapita jamani, hapo mnakula salama?"

Ngiri akapaliwa. Ninyi mnajua jinsi inavyokuwa mtu akikukuta unakula kwa kujificha. Hata tonge lenyewe halioni njia. "Salama, mzee. Karibu."

"Asante mwanangu, nimeshiba. Mbona uko peke yako?"

"Mwenzangu amelala."

"Ahaa. Amelala." Mzee akaguna. "Basi nitaonja kidogo, nisikuvunje moyo."

Ngiri akaweka kiazi juu ya jiwe, akageuza uso. Alipogeuka tena, kiazi hakipo. Akainama. Kwachu kwachu.

Sauti nyembamba ya mama: "Tunapita jamani, hapo mnakula salama?"

"Salama, mama. Karibu."

"Asante, nimeshiba. Mbona uko peke yako?"

"Mwenzangu... amelala."

"Na wewe hukumwamsha. Haya, nitaonja."

Muhogo ukawekwa juu ya jiwe, uso ukageuzwa, muhogo ukaondoka. Akaja shangazi mwenye kikohozi. Akaja bwana mwenye haraka. Akaja bibi aliyeomba karanga zitwangwe kwa sababu hana meno, na Ngiri akazitwanga kwa kwato, ngo ngo ngo. Kila aliyepita aliuliza, mbona uko peke yako. Kila alipoulizwa, masikio ya Ngiri yalizidi kulala. Mkia haukusimama tena. Aliacha hata kuonja, akawa mtu wa kuweka na kugeuza uso.

Nyuma ya jabali Pimbi alikula mpaka tumbo likawa ngoma. Kidogo tu aliona nafasi imebaki, pembeni huko. Akabana pua, akatoa sauti ya mtoto.

"Nimepita mimi, nina njaa."

Ngiri akainamisha kichwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kimekwisha, mwanangu. Nisamehe."

Kumbe huyu ni mchoyo mpaka kwa watoto, Pimbi aliwaza, akarudi jamvini akalala kwa raha.

Ehe, mnacheka. Chekeni sasa hivi, maana asubuhi ilifika.

Asubuhi Pimbi aliamka akamkuta Ngiri amekaa mbele yake, kikapu kitupu pembeni. Macho mekundu. Kichwa kile kikubwa kimeinama mpaka meno yanagusa mchanga.

"Jirani," Ngiri alisema, "nimekufanyia vibaya."

"Vibaya gani?" Pimbi aliuliza, na mdomo ukimcheza.

"Sikuchomwa na mwiba. Kamba haikulegea. Nilikula njiani, chako na changu. Hapa pia nilikuacha umelala nikaenda kujificha. Wakapita wageni. Nikaona aibu, nikawapa, nikawapa, kikaisha. Kila mmoja aliniuliza yuko wapi mwenzako." Akavuta pua. "Wa mwisho alikuwa mtoto. Nilimwambia kimekwisha. Nilimdanganya."

"Ulimdanganya?"

Ngiri akainua mguu wa mbele. Chini ya goti kulikuwa na kipande cha muhogo kilichobanwa mpaka kikawa chapati, na mchanga umekishika pande zote.

"Nilikikalia kwa goti. Nilisema hiki ni cha jirani, hakiguswi. Nimekaa nacho mpaka sasa. Karibu, jirani. Kula."

Pimbi akakitazama kile kipande. Kicheko kikamkauka mdomoni. Masikio yakamwaka moto. Alitaka kusema, lakini yasemwe vipi yale? Yule mtoto ni mimi? Yule bibi asiye na meno ni mimi? Akafungua mdomo, na neno lililokuwa karibu kabisa likatoka lenyewe.

"Asante. Nimeshiba."

Na ni kweli alikuwa ameshiba.

Ngiri akamtazama. Machozi makubwa yakamtoka. "Jana yote hukutia kitu mdomoni. Nimekula haki yako, na bado unaniambia umeshiba ili nisione aibu. Jirani, wewe ni muungwana. Sikujua kwamba nakaa na muungwana."

Ngiri alikila kile kipande? Hakula. Alikirudisha kikapuni. Kisha akapiga magoti mchangani, akasema, "Panda mgongoni. Huna nguvu ya vilima hivi kwa njaa hiyo."

"Hapana, jirani, nitatembea."

"Panda."

Akapanda. Angefanya nini?

Kilima cha kwanza, du du du, Ngiri mwenye njaa chini, Pimbi mwenye shibe juu. Pimbi akasema, "Jirani."

"Naam."

"Basi tu."

Kilima cha pili, du... du... du. Ngiri anahema. Pimbi akasema tena, "Jirani."

"Naam."

"Hamna kitu."

Kilima cha tatu Ngiri alijikwaa, akaanguka kwa magoti yote mawili, puu, mawe yakamchubua. Akainuka tena. "Samahani, jirani. Njaa yako ni nzito kidogo."

Pimbi akauficha uso kwenye manyoya ya mgongo wa Ngiri. Hakusema hata "jirani".

Wakafika nyumbani. Kisimani walikuwepo majirani wote, na Ngiri alisimama akayasema yote mbele yao, aibu yake yote, hakupunguza. Akamaliza kwa kusema, "Na huyu hapa, tumbo tupu, aliniambia nimeshiba." Wakashangilia. Mke wa Pimbi akalia kwa fahari. Mke wa Ngiri akakimbia jikoni, akapika sufuria nzima, akaileta akaiweka mbele ya Pimbi peke yake. Kina mama wakapiga vigelegele.

"Kula," alisema mke wa Ngiri. "Leo mume wangu hagusi mpaka wewe ushibe."

Ngiri akapiga magoti kando, mikono mbele, yaani kwato, akasubiri. Tumbo lake lilisikika mpaka kwa waliosimama nyuma: nguru nguru nguru. Hakuondoa macho kwa Pimbi, na macho yale hayakuwa na tamaa. Yalikuwa ya mtu anayetaka mwenzake ale.

Pimbi akachukua tonge la kwanza. Lilikataa kupita. Akalisukuma. Akachukua la pili. Wote wakamtazama kwa mapenzi, na kila tonge alilomeza watu walisema, masikini, alikuwa na njaa. Akala. Akala hadi machozi yakamtoka, na watu wakasema ni ya furaha.

Fundisho lake ni hili: ulafi ni mbaya. Ngiri alikuwa mlafi, akaadhibiwa akakaa na njaa. Pimbi alikuwa na akili, akashiba mara mbili na kubebwa juu. Basi watoto, muwe kama Pimbi.

Mbona mmenyamaza? Nimesema muwe kama Pimbi. Hivyo ndivyo fundisho linavyokwenda, sikulitunga mimi.

Ngano nimeikunja, nani ataibeba?
Iache hapo hapo.
Haya. Laleni.