Unyayo wa Siwema

Hapo kale, wanangu, kale ile wanyama walipokuwa na nyumba, milango na makufuli kama sisi, kulikuwa na ghala la nyayo. Mtoto akianza kutembea, mama yake alimpeleka huko akakanyaga udongo mbichi, puu! Udongo ukachomwa ukawa kigae, kigae kikawekwa ghalani. Na sheria ilisema: anayetaka kuona unyayo wowote aonyeshwe, maana nyayo ni za wote.

Sheria ilisema hivyo. Sheria husema mengi.

Bibi Digidigi alikuwa na mtoto mmoja tu, Siwema. Mafuriko yalimchukua angali mdogo, hata mwili haukuonekana. Kitu pekee cha Siwema kilichobaki duniani kilikuwa kile kigae chake. Sasa bibi amezeeka, macho yameanza kuingia ukungu, akatamani auone unyayo wa mwanawe kabla giza halijafunga kabisa.

Akaenda. Mlangoni kalala Kiboko, mlinzi.

"Hodi, baba! Naomba kuona unyayo wa mwanangu."

"Tia kokoto yako kikapuni," Kiboko akapiga miayo, aaaah! "Zamu yako ikifika utaitwa."

Basi kila asubuhi Kifaru, karani wa ghala, alitoa kokoto moja ya juu, akamhudumia mwenye kokoto hiyo, akanywa uji, akalala. Ya juu, wanangu! Aliyekuja jana anaitwa leo, na kokoto ya bibi inazidi kuzama.

Bibi akarudi. "Njoo kesho!" Akarudi tena. "Ombi lako linashughulikiwa!" Akarudi akilia.

"Tutajuaje wewe ni mama yake?" Kifaru akauliza. "Lete kigae chako."

"Kigae changu si kimo humo humo ghalani, baba? Nitazame mguu basi. Kwato zetu ni moja."

"Hapa hatutazami miguu, bibi. Kisichotoka ghalani si ushahidi. Subiri kitafutwe."

Jioni ile jirani yake, Sange, alimkuta anapapasa mlango wa nyumba yake mwenyewe. Sange mnamjua? Kanyama kadogo kama panya, pua ndefu inayochezacheza, miguu haitulii.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ni Sange, eeh? Sauti naijua, sura imenipotea."

Ikamuuma Sange. Bibi huyu ndiye aliyemlea kwa uji wake alipokuwa yatima. Akamshika, akamwingiza ndani, akasikiliza habari zote za ghalani, akamwambia, "Kesho nitakuja kukuchukua. Usiniulize kitu."

Kulipokucha, huyoo, tiki-tiki-tiki, mpaka ghalani. Akawapiga chenga wateja wote na kuwakuta Kiboko, Kifaru na mkuu wao, Tembo, wakinywa uji.

"Shikamooni, wazee! Jamani, huko sokoni watu nusura wapigane. Wanabishana, kati yenu watatu, nani alianza kutembea na unyayo mkubwa zaidi? Nimewaacha wanasema Kiboko."

"Kiboko?" Tembo akapaliwa na uji. "Huyu? Mguu si huu hapa, hawauoni?"

"Mimi nauona, mjomba. Lakini karani wako kasema hapa hamtazami miguu. Kisichotoka ghalani si ushahidi. Basi niwaambie wasubiri? Labda mwakani?"

"Mwakani nini! Leo hii!"

Lo! Mlango ukafunguliwa, kraa! Vigae vya wazee vilikuwa chini kabisa, hivyo ikabidi vyote vitolewe. Kifaru anabeba, Kiboko anasukuma, Tembo anapokea kwa mkonga, vumbi tifu! Kazi ambayo miaka yote haikuwezekana, kabla ya adhuhuri ikawa imekwisha, uwanja mzima umejaa vigae. Na Sange alikuwa ameshawaita waombaji. Kila mmoja akawa anachukua chake: "Hiki cha babu yangu! Hiki cha dada!"

Tembo alikipata chake mwishoni. Akakitazama. Unyayo wenyewe mdogo, na pembeni yake ncha ya mkonga wa mama yake, aliyekuwa amemshikilia asianguke.

Ndipo Sange akamleta bibi kwa kumshika mkono mpaka mbele ya kigae kidogo chenye alama ya ukwato kama wake.

"Hiki hapa, bibi. Tazama."

Bibi akainama. Akakaa vile vile, ameinama.

"Sange, mwanangu," akasema taratibu, "mbona umenileta usiku?"

Jua lilikuwa la utosi.

Sange alitokwa na machozi, hakuona haya. Akakiinua kigae mpaka mdomoni kwa bibi, na bibi akakilamba polepole, kama alivyokuwa akimlamba mwanawe akishiba maziwa.

"Huu ufa," akanong'ona. "Alizaliwa nao huu ufa wa ukwato. Ndiye! Ndiye Siwema wangu!" Akakikumbatia, akacheka na kulia pamoja.

Tembo akaweka chini kigae chake. "Kokoto yako iko wapi, bibi?"

"Chini, baba. Chini kabisa."

Tembo akakipindua kikapu mwenyewe, puu! Tangu siku ile kokoto za kwanza zikawa za kwanza, na bibi akaenda na kigae cha Siwema nyumbani, akawa analala nacho kifuani. Lakini macho yake, wanangu, hakuna aliyeweza kumrudishia.

Basi shikeni hili: anayesema "njoo kesho" kwa shida ya mwenziwe, ya kwake huishughulikia leo.