Kwa Nini Kitendawili Hungoja "Tega"

Tulieni niwape asili ya neno mnalolitamka kila jioni bila kulijua. Hapo kale vitendawili havikubisha hodi. Mtu alikuwa akijiendea na mzigo wake kichwani, mwenzake akamrushia fumbo, naye akalidaka na kulijibu kabla halijafika mwisho. Aliyejibu haraka ndiye aliyeitwa mwerevu. Watoto wakalelewa hivyo, na wazazi wakajivunia wepesi wa ndimi zao.

Katika kijiji kimoja kando ya mto, hakuna mtoto aliyesifiwa kama Mbeyu. Alikuwa yatima, yeye na mdogo wake Dama wakilelewa na bibi yao Nyevu, mtega ndege waitwao kanga. Mbeyu alipenda sifa, tena alizipenda mno. Neno "sijui" halikuwahi kupita kinywani mwake. Dama alikuwa mzito wa kusema. Alisikiliza jambo mpaka mwisho, kisha akakaa nalo, na watu wakamwona zuzu.

Siku moja Bibi alikuwa akisokota kamba ya mtego. Akasema, "Mzee wa porini mwenye ndevu, siku ya njaa tunamwita nyumbani..."

"Ndiga!" Mbeyu akadakia, akatoka mbio kwenda kujisifu kisimani. Na kweli ilikuwa ndiga, kile kiazi cha mwituni chenye manyoya.

"Mdomo wako umeshafika, mjukuu wangu, masikio bado yako njiani," Bibi alisema, lakini Mbeyu alikwisha kumpa kisogo. Akammalizia Dama, aliyekuwa bado ameketi: "...ila asipolala mtoni haingii jikoni."

Mwaka ule mvua zikakosekana, njaa ikabisha kila mlango. Bibi akaenda mbali kuomba nafaka kwa ndugu zake. Akiba ya nyumbani ilipokwisha, Mbeyu akachimba ndiga, akaimenya, akaitia chunguni hapo hapo. Moyo wake ulifurahi, maana aliona akili yake imewaokoa.

"Dada," Dama akasema, "Bibi alisema kwanza ndiga..."

"Najua!" Mbeyu akamkatiza. "Wewe kula, mdogo wangu."

Dama akala, kwa kuwa alimwamini dada yake. Mbeyu akamwachia yote, kama wakubwa wafanyavyo siku za njaa. Mtoto akalalamika kwamba ulimi unamwasha, kisha kwamba kichwa kinamzunguka, akajilaza mapajani mwa dada yake. Hakuamka tena.

Bibi alirudi na kikapu cha mtama. Alipoona maganda na chungu kisichojua mto, alielewa kwamba ndiga haikulowekwa mtoni itoke sumu. Hakumpiga Mbeyu wala hakumtukana, na hilo ndilo lililomuumiza Mbeyu kuliko kiboko. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, na mjukuu huyo Mbeyu alimbeba mgongoni.

Matanga yalipoanuliwa, watoto wa kijiji walikuja kwa Bibi kama zamani. Bibi akasema, "Kitendawili," akanyamaza. Watoto wakapayuka majibu ya fumbo ambalo halijasemwa. Bibi akangoja. Mbeyu naye jibu lilimjaa mdomoni. Akauma midomo, akalimeza. Alikumbuka jinsi Bibi alivyomkataza kugusa mtego kabla haujakaa sawa, usije ukamnasa kidole. Kelele zilipotulia, akasema, "Tega, Bibi."

Bibi akatega polepole, mpaka neno la mwisho. Mbeyu akafikiri, akafikiri tena, akakosa. Machozi yakamtoka.

"Sijui," akasema.

"Basi nipe mji."

"Chukua huu wetu, Bibi."

"Nimeuchukua," Bibi akasema, naye akilia. "Mji hutolewa ukarudi, mjukuu wangu." Kisha akawapa jibu lote, na watoto wote wakalisikia.

Na tangu siku hiyo kitendawili hakisemwi kabla ya wasikilizaji kuitikia "Tega", na asiyejua hutoa mji. Nawasikia mkigawa Mombasa na Lamu huku mnacheka, wala siwakatazi. Mji ni bei ndogo. Mbeyu, kabla hajajifunza kusema "sijui", alikuwa amemtoa Dama.