Sauti ya Baba Rehema Chini ya Wimbo

“Sauti ikiharibika, usiongeze spika, rudi kwenye kanda.”

Maneno hayo aliyasema Mzee Mhina kwenye kikao cha harusi, pale mashemeji wawili walipokuwa wakibishana, kila mmoja akipandisha sauti kama anayenadi samaki wa jana. Mashemeji wakanyamaza. Vijana waliokuwa wakipanga viti nao wakanyamaza, ila wao kwa sababu hawakuelewa kitu.

“Babu, spika tunaijua,” mmoja akasema. “Kanda ndiyo mnyama gani?”

“Ndiye mnyama aliyewapiga picha mama zenu wangali wembamba. Kaeni. Methali hii msidhani imetoka kwa wahenga wenye ndevu hadi kitovuni. Imeanzia hapa hapa Korogwe, kwa Bi Mwantumu, na ilianza hivi.”

Bi Mwantumu alikuwa mjane wa Shekiondo, mfanyakazi wa reli. Shekiondo alikuwa mtu mwema, lakini maneno aliyatoa kwa kijiko cha dawa. Angeweza kula samaki wa nazi mpaka akalamba vidole, kisha sifa zote zikaishia kwenye “Alhamdulillahi.” Mkewe hakupata kusikia kwake neno tamu, si mbele za watu wala faraghani.

Alilitoa siku moja tu, siku ya kumwoza binti yao Rehema. Siku hiyo Shekiondo alipewa nafasi ya kumwusia bibi harusi. Akasimama, akasema, na wanawake wakarudi jikoni wakijifuta macho kwa ncha za khanga.

“Mwantumu wee! Ungemsikia mumeo alivyokusifia!”

Mwantumu hakusikia. Alikuwa uani, kichwa ndani ya moshi, akipigana na sufuria la pilau. Mama wa bibi harusi ndivyo alivyo: shughuli ni yake, na yeye ndiye asiyeiona. Wageni walipoondoka akamkabili mumewe. “Umesema nini huko?”

Shekiondo akaangalia miguu yake kama kijana aliyekuja kuposa. “Si wamepiga video? Utasikia humo.”

Kanda ikaletwa. Sasa, wapiga video wa zama zile walikuwa na ugonjwa mmoja: sauti za watu waliziona ni uchafu. Wakishamaliza kupiga, hufunika kila kitu kwa wimbo, tangu bibi harusi anapopakwa hina hadi mbuzi anapochunwa. Basi Shekiondo akaonekana amesimama, midomo inacheza, na kinachotoka ni kinanda na mwanamke anayemsuta hawara. Mwantumu alicheka hadi akakaa chini.

“Haya, nieleze mwenyewe basi.”

“Iko siku nitakueleza,” akasema Shekiondo.

Siku hiyo haikufika. Shekiondo aliugua, akatangulia mbele ya haki, na siri yake ikabaki imefungiwa ndani ya kanda, imekaliwa na wimbo. Mwantumu akawa anaipangusa vumbi kila alipofagia. Akipika wali, anajikuta anafikiri: alisema nini? Alinisifia kwa lipi? Treni ikipiga honi stesheni, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kifuniko cha sufuria, kama zamani alipokuwa akimpakulia.

Mwaka ambao kanda ilianza kuota ukungu, akaikimbiza kwa Fundi Hizza, aliyekuwa akihamisha kanda za zamani kwenye diski.

“Mwanangu, picha sina haja nazo. Uso wake naujua hata nikifumba macho. Mimi nataka sauti.”

Hizza alifanya kazi yake kwa moyo, akapeleka diski nyumbani kwa mama huyo. Wakaiweka. Picha safi. Sauti? Mvumo mzito, juu yake kile kinanda, na chini kabisa, kama mtu aliyeangukia kisimani, kitu kilichofanana na Shekiondo.

“Ongeza,” akasema Bi Mwantumu.

Hizza akaongeza. Mvumo nao ukaongezeka. Majirani wakaingia, na mnajua majirani wa Korogwe: kila mmoja fundi. Huyu akasema tatizo ni televisheni, akaleta redio yake waiunganishe. Yule akasema redio hiyo sauti yake ni ya kifaranga, akaleta spika za ngoma za kuamkia harusi, ndefu kuliko mlango. Zikapitishwa kiubavu. Zilipowashwa, vikombe vikacheza kabatini, na mama mmoja wa mtaa wa pili akaja mbio na debe la mahindi kichwani, akiuliza mashine mpya ya kusaga imefunguliwa wapi.

Watu wakacheka. Bi Mwantumu hakucheka. Alikuwa amesogea mpaka mbele kabisa, sikio limegusa kitambaa cha spika, akimtafuta mtu wake ndani ya ngurumo.

“Zima,” akasema hatimaye. “Hizza, hii sauti inaumwa nini?”

“Mama, hii kanda uliyonipa ni nakala. Mpiga video alinakili, akapachika wimbo. Mimi nami nimenakili nakala yake. Nikiongeza, naongeza ule ule uchafu.”

Bi Mwantumu akamtazama, mikono kiunoni. “Yaani muda wote huu mnakamua chicha?”

“Naam?”

“Tui zito limeshatoka, tui jepesi limeshatoka, ninyi mmeshikilia chicha mnaikamua kwa spika! Nazi yenyewe iko wapi?”

Hizza akakuna kichwa. “Ni kile kikanda kidogo cha ndani ya kamera. Labda mpiga video anacho.”

Bi Mwantumu hakusubiri aseme zaidi. Alikuwa keshajitanda khanga, Hizza akamfuata.

Mpiga video alikuwa Mzee Kaoneka, ambaye sasa alikuwa amestaafu na kufuga bata. Aliposikia shida yao akaumia kidogo.

“Shemeji, wimbo ule niliuchagua mwenyewe! Mji mzima uliusifu.”

“Ni mzuri, shemeji yangu. Umekaa tu kifuani kwa mume wangu, na mimi nataka apumue.”

Kaoneka akainamisha kichwa. Akaingia uvunguni, akatoka na utando wa buibui kwenye nyusi na sanduku la vikanda vidogo. Kimoja kilikuwa na jina la Rehema. Kamera yake nayo ilikuwapo. Ilikohoa, ikanguruma, ikakubali. Hizza akaiunganisha, na safari hii hapakuwa na wimbo wowote juu yake.

Wakaketi mbele ya televisheni ndogo, bila spika. Upepo ukasikika. Mbuzi. Watoto wakigombea ukoko. Kisha mtu akakohoa, na Bi Mwantumu akashika mkono wa kiti, maana kikohozi kile angekitambua katikati ya soko.

“Binti yangu Rehema,” ikasema sauti ya Shekiondo, karibu kabisa. “Mimi kusema sijui. Ila mama yako yuko jikoni, hanisikii, kwa hiyo leo nitajaribu...”

Ghafla, kutoka mbali, kule uani, ikapaa sauti ya mwanamke: “Mwambieni baba Rehema afupishe! Wali unapoa!”

Watu ndani ya kanda wakaangua kicheko. Shekiondo akangoja kitulie.

“Mnamsikia?” akasema taratibu. “Basi sauti hiyo ndiyo nyumba yangu. Nikitoka kazini, kabla sijabisha hodi husimama kwanza nje niisikilize. Siku nikiikosa, hata nyumba ijae watu, kwangu itakuwa kimya. Rehema, nawe umpe mumeo sauti ya kurudia nyumbani.”

Hizza, kwa kutafuta la kufanya, akanong’ona, “Mama, hizi kelele za jikoni nizipunguze?”

“Ukizipunguza, nitakupunguza wewe.”

Kisha Bi Mwantumu akasogeza kiti, akapitisha kiganja kwenye kioo cha televisheni, akasema kwa upole, “Endelea, baba Rehema. Wali haukupoa.”

Mzee Mhina akaishia hapo. Mashemeji wawili waliokuwa wakigombana walikuwa wamesogea kusikiliza, na sasa walikaa bega kwa bega. Mmoja akaguna, “Kwani sisi ugomvi wetu ulianzaje hasa?”

“Haya, hapo mmeshika kikanda kidogo,” akasema mzee. “Sauti ikiharibika, usiongeze spika, rudi kwenye kanda.”