Bibi Ishtun na Kilima cha Mioshi

Paukwa!
Pakawa!
Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!
Pakawa!

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu, ng'ambo ya bahari kubwa, katika nchi ya Wamaya, palikuwa na kijiji. Mto hakikuwa nao. Kilikuwa na shimo la mwamba, na ndani ya shimo maji meusi, baridi. Na pande zote msitu. Msitu, msitu, msitu, hadi jicho linachoka.

Kijijini hapo aliishi ajuza mmoja, jina lake Ishtun. Mfupi, mkavu, mwepesi wa hasira, na mguu mmoja aliuburuta: kwaru, kwaru. Watoto walimwogopa. Lakini halikuwepo jani asilolijua. Mtu akitaka kufungua shamba jipya, alimwendea kwanza, naye Ishtun hutangulia, kwaru, kwaru, akigusa miti.

"Huu kata. Huu kata. Huu acha, una nyuki ndani. Huu acha, ni mwoshi. Mwoshi haukatwi." Mwoshi, ndugu zangu, si moshi wa jikoni; ni mti mkubwa wa msitu wa huko.

Basi mtu alipanda mahindi, maharage yakapanda juu ya mahindi, maboga yakatambaa chini yakifunika udongo. Miaka miwili, mitatu, kisha shamba liliachwa lilale, msitu urudi. Ndivyo walivyoishi, wakala, wakazaa.

Akaja kutawala mkuu kijana, Kanul. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu. Akasema, "Ardhi yote hii, nasi tunalima vipande kama viraka! Tufyeke msitu wote. Tupande mahindi matupu, tushibe mpaka tusahau njaa."

Ishtun akaja, kwaru, kwaru, akasimama mbele yake.

"Mjukuu wangu, unajua unachotaka kukata?"

"Miti, bibi."

"Miti gani?"

Kanul akacheka. Watu wakacheka.

Mashoka yakalia. Ko! Ko! Ko! Mti ukaenda chini, ngwaaa! Ko! Ko! Ko! Mwingine, ngwaaa! Siku arobaini. Wakasaza kilima kimoja tu, kilima cha mawe na miti yake, maana nani atalima juu ya mawe? Bibi Ishtun akabeba jiwe lake la kusagia na mizinga yake ya magogo, yenye nyuki wadogo wasiouma, akahamia huko. Hakuaga mtu.

Mwaka wa kwanza mahindi yalijaa ghala, yakamwagika. Mwaka wa pili yakapungua. Mwaka wa tatu mvua iliusomba udongo wote, ukaingia kwenye nyufa za mwamba. Maboga ya uani yakachanua maua ya manjano, mazuri mno, kisha po! yakadondoka bila kuzaa. Nyuki wa kuyatembelea hawakuwepo. Mwaka wa nne mvua yenyewe haikuja.

Njaa, ndugu zangu. Akina mama walichemsha ngozi za viti. Watoto walilia, kisha wakanyamaza. Mtoto akinyamaza, hapo ndipo uiogope njaa. Binti wa Kanul, wa miaka miwili, naye akanyamaza.

Kanul akambeba, akaanza kupanda kilima. Watu wakamfuata, wakiyumba.

Wakafika juu. Wakasimama.

Vuuuuu. Nyuki. Chini nchi yote imeungua, na hapa, juu ya mawe, kijani! Miti minene imepasua mwamba, mizizi imezama kutafuta mvua ya miaka ya nyuma. Ndege wa kila rangi. Kulungu akainua kichwa, akawatazama, akaendelea kula. Na chini ya mioshi, ardhi yote imetandikwa matunda madogo ya rangi ya chungwa, mengi kuliko nyota. Mzee mmoja akapiga magoti bila kuambiwa.

"Shikamoo, bibi," Kanul akasema.

"Marahaba. Nipe mtoto."

Ishtun akachovya kidole katika asali, akakiweka juu ya ulimi wa mtoto. Kimya. Akachovya tena. Kimya. Mara ya tatu mtoto akanyonya kile kidole. Akanyonya, akanyonya, kisha akafumbua kinywa, akalia. Alilia! Na watu wazima wote wakalia naye.

"Acheni kelele," Ishtun akasema. "Okoteni mbegu."

Wakaokota. Akawafundisha kuzichemsha, kuzikausha, kuzisaga unga, kuoka mikate. Wakala mbegu za mioshi mpaka mvua ziliporudi.

"Bibi," Kanul akasema, "tulikuwa tunazikanyaga hizi."

"Mlikuwa mnazikanyaga."

"Nifanye nini msitu urudi?"

Ishtun akamshika mkono, akauweka juu ya gome la mti.

"Huu ni mti gani?"

"Sijui."

"Anza hapo."

Akamtajia jina lake, nani anakula matunda yake, nani analala ndani yake, ugonjwa gani unaogopa majani yake. Wakaenda mti wa pili. Wa tatu. Siku hiyo ikaisha, na mwezi ukaisha, na wanakijiji wote wakawa nyuma yao, wakirudia majina kwa sauti moja. Kisha wakashuka na miche. Walipanda wanachokijua; wasichokijua, ndege na popo waliwapandia.

"Mioshi hii itazaa lini?" Kanul aliuliza.

"Mimi sitaila," akajibu. "Mwagilia."

Na kweli hakuila. Alifariki msimu wa kupanda, wakamzika palepale kilimani. Kanul akatoa amri: asiyejua jina la mti asiuguse kwa shoka. Miaka ilipopita, watu walipanda kilima kulitafuta kaburi. Hawakuliona. Miche ya mioshi ilikuwa imelifunika, imesongamana, inang'aa kwa umande, na hakuna aliyethubutu kung'oa hata mmoja.

Ndugu zangu, usikate usichokijua. Huenda ndicho kinachokulisha.

Hadithi yangu imekomea hapo. Utamu wake ni wenu, kasoro zake ni zangu.