Machozi ya Mchonga Nyani

Hapo zamani, katika mji wa Ndongoni, palikuwa na sultani aitwaye Badawi, mtu mkunjufu wa uso na mwenye maneno matamu, lakini mkono wake ulikuwa wa birika. Sultani huyu alikuwa na mchezo. Uani mwa jumba lake uliwekwa ubao mpana kama sakafu ya chumba, kazi ya fundi wa nchi ya mbali, uliochorwa njia na mito na vilima, kuanzia lango la mji mpaka kasri iliyo juu ya kilima. Wachezaji walirusha kete, kila mtu akamsogeza msafiri wake mdogo wa mti kwa kadiri kete zilivyomwamuru, na wa kwanza kufika kasrini na mzigo wake ndiye mshindi. Aliyetaka kucheza alilipa pesa mlangoni.

Basi mwanzoni watu walikwenda kwa wingi, kisha wakachoka, kwa sababu njiani hapakuwa na jambo: unarusha, unatembea, unafika, unakwenda zako nyumbani. Ikawa bawabu anasinzia mchana kutwa, na kuku wa jirani wanaingia uani bila kulipa.

Katika mji huo alikuwako mtu mmoja, jina lake Machano, mchonga vitana, maskini ambaye kanzu yake ilikuwa na viraka vingi kuliko kitambaa. Machano aliupenda mchezo ule hata baada ya wenziwe kuuacha. Siku moja alichukua kipande cha mti kilichobaki kazini, akachonga nyani mdogo mwenye mkono mrefu, akaenda akamweka penye kona ya njia, akasema, "Atakayeangukia hapa, nyani anamwibia mzigo, naye arudi langoni akachukue mwingine." Watu wakajaribu, wakacheka. Kesho yake akaleta daraja linalovunjika. Tena akaleta mama mkwe, mwanamke wa mti aliyeketi barazani na kujifunika shuka, na sharti lake ni kwamba kila apitaye lazima asimame amwamkie, amuulize hali ya nyumbani, na mbuzi, na majirani, mpaka wenziwe wote wampite. Lo! Watu walimpenda mama mkwe huyo kuliko kasri yenyewe. Wakawa wanakuja kutoka vijiji vya mbali kumwona, na bawabu hakupata tena usingizi, maana mfuko wa mlangoni ulijaa kabla ya adhuhuri.

Sultani akafurahi mno. Akamwita Machano, akamwambia, "Wewe ni fahari ya mji wetu," naye Machano akarudi nyumbani na fahari hiyo, akamkuta mkewe Mize amekaa mbele ya chungu kitupu.

Mize akamwuliza, "Umepewa nini?"

Akajibu, "Nimeambiwa mimi ni fahari ya mji."

Mize akasema, "Alhamdulillahi. Iweke chunguni basi, tuone kama itaiva."

Machano akaona haya. Siku ile akasimama kando ya ubao, akawaambia wachezaji kwa upole, "Ndugu zangu, anayefurahishwa na nyani wangu, na anipe chochote apendacho." Aa! Uani mzima ukamgeukia. Mmoja akasema, "Machano, umebadilika!" Mwingine akasema, "Ulikuwa unachonga kwa mapenzi, leo unatuuzia mapenzi?" Na mzee mmoja, mwenye maduka ya vitambaa, ambaye hakupata kumpa mtu hata uzi wa bure, akatikisa kichwa kwa huzuni akanena, "Fedha zimeuharibu mchezo." Wakaendelea kucheza, na nyani akaendelea kuwaibia, wakaendelea kucheka.

Basi Machano akaona hana budi kwenda barazani kwa Sultani. Akapiga goti, akasema, "Bwana wangu, ubao ni wako, wala sidai hata ukucha wake. Lakini watu wanakuja kwa ajili ya nyani na mama mkwe, nao nimewachonga mimi. Naomba sehemu ndogo ya mfuko wa mlangoni."

Waziri Darweshi, mtu mwembamba aliyependa kuuliza, akauliza, "Nani alikuagiza uwachonge?"

"Hakuna aliyeniagiza."

"Na usingekuwako ubao wa bwana wetu, nyani wako ungemweka wapi?"

"Ningemweka dirishani kwangu," akajibu Machano, "na ubao wa bwana wetu ungekuwa na kuku."

Watu wa baraza wakainama kuficha nyuso zao. Sultani akakunja kipaji cha uso, akanena, "Ewe Machano, nilikuchungulia siku ile ukimchonga mama mkwe. Ulikuwa ukicheka peke yako kama mwehu. Sasa nisikilize. Ujira ni fidia ya taabu. Mtu aliyecheka kazini amekwisha lipwa na kicheko chake. Nikimwongeza fedha, nitakuwa nimemlipa maradufu. Hii ndiyo sheria yangu tangu leo, na mpiga mbiu aitangaze: anayecheka kazini hana ujira, na anayelia kazini ndiye alipwe."

"Nimesikia, bwana wangu," akasema Machano.

"Bado hujasikia yote. Nenda ukanichongee kitu kipya cha kuweka pale kasrini pa ubao, kitu kitakachowafanya watu washike mbavu. Lakini wewe mwenyewe usicheke. Askari wangu Pandu atakaa nawe usiku na mchana. Akiona kicheko, wewe na patasi yako mtakuwa watumishi wa mchezo wangu bila ujira maisha yako yote. Na usipowachekesha watu, utauhama mji. Lakini ukilia kazini, na watu wakacheka, mfuko wa mlangoni wa siku hiyo ni wako."

Machano akashika njia ya kwenda kwake. Alijijua nafsi yake: hakupata kuchonga kitu cha kuchekesha bila kucheka kwanza yeye. Njia nzima alijaribu kufikiri mambo ya huzuni, akamkumbuka marehemu shangazi yake, lakini shangazi naye alikuwa mcheshi, akajikuta anatabasamu, akaziba mdomo kwa kiganja kwa sababu Pandu alikuwa nyuma yake na mkuki.

Alipofika nyumbani akamkuta Mize uani katikati ya makapu ya vitunguu, maana siku zile kazi yake ilikuwa kumenya na kukatakata vitunguu vya karamu za harusi. Macho yake yalikuwa mekundu. Machano akamsimulia yote kwa sauti ya chini, akamaliza kwa kusema, "Mke wangu, tumekwisha."

Mize akapangusa pua kwa kiwiko cha mkono, akamwambia, "Leta kigoda chako ukae hapa karibu nami. Na yule askari mpe kigoda, mkaribishe vizuri. Mgeni asikae mbali."

Basi Machano akaketi, Pandu akaketi, na Mize akashika kisu. Kitunguu cha kwanza hakikufika nusu, machozi yakawatiririka wote. Machano akaanza kuchonga. Na kila alipoona kile anachokichonga kinavyotokea, kicheko kilimpanda toka tumboni, akakibana, mabega yakamtetemeka, pumzi ikamtoka kwi, kwi, kwi, na machozi ya vitunguu yakamshuka mpaka kidevuni. Pandu, ambaye naye alikuwa haoni mbele, akamgusa goti akamwambia, "Jikaze, ndugu yangu. Ni mwanamume wewe." Machano akainamisha kichwa zaidi, akatetemeka zaidi. Na Pandu, kwa huruma na kwa vitunguu, akalia kwa sauti hata majirani wakatoka kuuliza nani amefariki.

Kazi ilipokwisha, wakaenda barazani. Sultani akauliza, "Pandu, alicheka?"

Pandu akapiga saluti, akanena, "Maulana, tangu nizaliwe sijaona mtu akifanya kazi kwa uchungu kama ule. Alilia tangu mwanzo hata mwisho. Mimi mwenyewe nilishindwa kujizuia."

Sultani akastaajabu. Basi wakaenda uani, watu wamejaa mpaka juu ya kuta, na Machano akaweka kitu chake mlangoni pa kasri ya ubao. Kilikuwa ni mfalme mdogo wa mti, mnene, mwenye kilemba na tabasamu pana. Sultani akasema, "Nitacheza mwenyewe." Akarusha kete. Nyani alimwibia, akarudi langoni. Mama mkwe alimsimamisha, akamwamkia, akauliza hali ya mbuzi kwa adabu. Jasho lilimtoka, lakini mwisho akafika kasrini na mzigo wake. Mara mfalme wa mti akainua mkono wa kulia, akampigapiga msafiri begani, taratibu, kwa upendo, kama asemaye hongera. Na huku mkono wa kushoto ukatoka chini ya joho, ukanyakua mzigo, ukauingiza ndani. Kisha mlango wa nyuma ukafunguka, msafiri akateleza, akaanguka nje ya ubao.

Hakuna aliyethubutu kupumua. Sultani akamtazama mfalme wa mti, na mfalme wa mti akamtazama yeye kwa tabasamu lilelile. Pandu akashika mkuki wake, hajui amwelekezee nani. Ndipo Sultani akatoa mguno, kama mtu aliyepaliwa, kisha mguno mwingine, kisha akaangua kicheko, akashika mbavu, kilemba kikamwangukia Waziri Darweshi mapajani. Na watu walipoona hivyo wakaangukiana kwa kicheko.

Waliponyamaza, Machano akasema, "Bwana wangu, watu wamecheka, nami nililia. Nauomba mfuko."

Lakini Waziri Darweshi alikuwa ameinama juu ya ubao, akinusa. "Bwana wangu!" akapiga kelele. "Mfalme huyu ananuka vitunguu! Machozi yale yalikuwa ya vitunguu!"

Machano akajibu, "Sheria ilisema anayelia alipwe. Haikusema alizwe na nini."

Kabla Waziri hajafungua kinywa, Pandu akajitokeza. "Maulana, basi na mimi nililia kazini. Shahidi ni mtaa mzima." Mpishi wa jumba akasukuma watu, akasema, "Na mimi, bwana, vitunguu vya jikoni kwako nimevililia miaka, ukiacha moshi." Bawabu akaanza kulia palepale. Wapiga ngoma wa jumba wakakumbuka kwamba ndio kwanza wamecheka, wakaogopa kupoteza ujira, wakatoa kilio cha pamoja. Ikawa uani kote ni kwikwi na kamasi, watu wazima wakishindana, hata yule mzee wa maduka ya vitambaa akijifinya paja chozi limtoke.

Sultani akapiga makofi. "Nyamazeni! Machano, umeuharibu mji wangu."

"La, bwana wangu, nimeitii sheria yako. Lakini nina swali moja, kisha uniadhibu utakavyo. Mfuko wa mlangoni unaletwa kwako kila jioni. Hapa kuna mtu yeyote aliyewahi kukuona ukiulilia?"

Sultani akautazama mfuko wa siku ile, uliokwisha letwa magotini pake, akatazama watu, akaona kila jicho limeloa isipokuwa lake. Uso ukamshuka. Akamwita Machano, akamtia mfuko mkononi, akanena, "Sheria ile nimeifuta. Ilikuwa ya kipumbavu, na mliijua nyote hamkuniambia. Tangu leo, mfuko utagawanywa: sehemu ya ubao ni yangu, na sehemu ya waliouongezea vitu ni yao, kila mtu kwa kadiri kitu chake kinavyowaleta watu. Na atakaye kuwapa watu kazi yake bure, na awape. Lakini asilazimishwe na mtu, hata mimi."

Basi watu wengi wakajaribu kuchonga. Mmoja alileta samaki mwenye miguu, ambaye hakuna aliyejua anafanya nini, naye hakupata kitu, akakasirika, akaenda naye nyumbani. Mwingine alileta kisima kinachozungumza, akala kwacho yeye na wanawe. Mize aliacha vitunguu vya harusi, akawa anakatakata vya kwake tu.

Baada ya muda Machano akaleta ubaoni punda mkaidi, anayelala katikati ya njia mpaka aimbiwe. Sultani akamwimbia sana, akapendezwa, akauliza, "Punda huyu unamtakia kiasi gani?"

"Huyu nimekupa, bwana wangu."

Sultani akashangaa. "Ulilia na kuliza mji mzima kwa ajili ya ujira, na leo unanipa bure? Kwa nini?"

Machano akasema, "Kwa sababu leo umeuliza."

Sultani akasogea kwenye mkeka akampa nafasi ya kukaa, akaagiza kahawa. Na hekaya ikawaacha hapo, vikombe vikiwa bado vya moto.